Boti Yenye Mlango

Nianze kwa kusema kwamba mimi sikukosea. Watu wa Nchelenge wakisimulia habari ya mwaka wa sabini na saba, wanasema yule mama Mkongo aliyeolewa na Jairos alileta ujumbe uliopinda. Yule mama ni mimi, Clotilde, na ujumbe niliuleta kama nilivyopewa, neno kwa neno. Aliyeupinda ni Kafula. Mwenye kubisha aje nyumbani tubishane vizuri, chai ipo.

Lakini kwanza mume wangu, maana habari hii ni yake.

Jairos Kapembwa alizaliwa hapa hapa Nchelenge, karibu na maji kiasi kwamba mama yake alikuwa akioshea vyombo mlangoni msimu wa mvua. Alipokuwa na miaka minne homa ilimjia, ikaondoka na nguvu zote za miguu. Tangu hapo alitembea kwa mikono, na mikononi alivaa viatu alivyovikata mwenyewe kwenye tairi la lori. Alikuwa na jozi mbili, moja ya kazi na moja ya kanisani. Ile ya kanisani aliipaka rangi kila Jumamosi jioni, na ukimkanyagia, lawama zake haziishi. Wageni walipomwona mara ya kwanza walimtazama miguu, wakakosa pa kuweka macho. Sisi tuliomzoea tulitazama viatu, kuona kama ni siku ya kazi au ya sala.

Alikuwa fundi wa boti. Nusu ya boti za bandari ile zilitoka mikononi mwake, na hazikuvuja. Kitu kimoja tu kilimkera. Alizijenga, lakini hakuweza kuingia bila kubebwa. Watu wanne walimshika, huyu bega, yule kiuno, wakamrusha ndani pamoja na makokoro ya uvuvi, na kila aliyembeba alikuwa na neno la kumwambia, tena kwa adabu, kwa Ba na mukwai. "Ba Jairos, mumenenepa." "Ba Jairos, mukwai, leo mulikula bwali ya nani?" Yeye alicheka nao. Akirudi nyumbani hakucheka, alipiga misumari kwa hasira mpaka majirani wakahamisha kuku.

Ndipo akajenga boti yenye mlango. Pua yake haikuwa kali kama ya boti nyingine, ilikuwa bapa. Ubao mzima wa mbele ulifungwa kwa bawaba chini, ukiuangusha unakuwa daraja la kushukia mchangani, ukiuinua unakazwa kwa vigingi juu ya mpira wa ndani wa tairi, na tone haliingii. Jairos alijivuta juu ya ubao ule, akainua mlango nyuma yake, akashika makasia, akaondoka. Hakuna aliyemshika kiuno. Mikono yake ilikuwa na nguvu za watu wawili, maana ilifanya kazi ya miguu pia.

Bandari nzima ilicheka. Walimuuliza kama ana ufunguo wa ziada. Walimuuliza kama maji yanapiga hodi.

Yeye alitaka jambo moja: karatasi ya kupakia abiria. Alitaka kuwapeleka wageni wanaokuja kuona ziwa, viboko, na ule ufuko wa mchanga ulio mbele ya matete ambako ndege weupe wakubwa hukaa mamia kwa mamia. Bila karatasi hakuruhusiwa kupakia hata shemeji yake. Na karatasi ilikuwa kwa Kafula.

Patson Kafula alikuwa karani wa ofisi iliyoandikisha boti na kupokea wageni. Kabla ya hapo alikaa miaka miwili upande wa Mbeya, akitunza ghala wakati reli inajengwa, na alirudi na vitu vitatu: redio, suruali inayong'aa, na Kiswahili cha pwani. Redio iliharibika, suruali ikachakaa, lakini Kiswahili alikivaa kila siku. Sisi wengine Kiswahili chetu ni cha Kasenga na Lubumbashi, cha kuuzia samaki, na kinatosha. Kafula alipita sokoni akitusahihisha. "Mama, si samaki iko, ni samaki wapo." Samaki wenyewe walikuwa wamekufa, hawakujali.

Jairos alimwendea mara tatu. Mara ya tatu nilikuwapo. Kafula alitoa fomu, akaweka kidole kwenye mstari wa chini.

"Nahodha awe mtu mwenye viungo kamili," alisoma. "Umesikia, Bwana Jairos? Halafu boti yenye mlango si boti, ni nyumba. Na ikizama, wewe utaokoaje watu?"

"Ba Kafula, mukwai," Jairos akajibu polepole, "boti ikizama, nani anatembeaka juu ya maji? Batu bote tunaogelea na mikono."

Karani mwingine alicheka, na hilo ndilo lililotuharibia. Kafula alikunja fomu akairudisha kwenye droo. Njiani nilimtukana Kafula kwa lugha tatu. Nilijua Jairos ameumia, kwa sababu alikuwa amekwenda huko na viatu vya kanisani siku ya Jumatano.

Sasa ujumbe.

Mwezi wa saba nilikwenda Kasenga, ng'ambo, siku zile ikiitwa Zaire, kuuza chisense, vile visamaki vidogo vikavu. Kaka yangu Hippolyte alifanya kazi kwenye gati la pale. Nilikuwa tayari nimepanda chombo cha kurudi, na injini inanguruma, alipokuja anakimbia.

"Clotilde! Ukafika kule, ambia bantu ya biro: siku ya posho kutakuya mama moja mwenye kiti! Anatoka Lubumbashi, anataka kuona ziwa! Bamutengenezee njia!"

"Mwenye nini?"

"Kiti! Mwenye kiti!"

Biro kwetu ni ofisi, na siku ya posho ni Jumamosi. Na mwenye kiti ni mtu mwenye kiti, basi. Mkubwa wa mkutano sisi tunamwita prezida. Nikafikiri ni mama mzito wa kanisa, mmoja wa wale wanaotembea na kiti chao kwa sababu hawataki kukaa kwenye benchi na wenzao. Nikashika maneno, nikayaleta.

"Siku ya posho kutakuya mama moja mwenye kiti," nilimwambia Kafula. "Mubamutengenezee njia."

Kafula alisimama. Akafunga kifungo cha shati.

"Mwenyekiti?"

"Njo," nikaitikia. "Mwenye kiti."

"Usikate, mama. Ni neno moja. Mwenyekiti."

"Miye nimesema vile banasema. Mwenye. Kiti. Atakuya na kiti yake."

"Bila shaka atakuja na kiti chake!" Kafula akasema, macho yanang'aa. "Mtu mkubwa hakai ovyo. Na ni mwanamke! Siku hizi hata wanawake. Mwenyekiti wa nini, hawakusema?"

"Hapana."

"Basi ni wa jambo kubwa," akasema.

Nilipaswa kumwambia habari ya yule mama mzito wa kanisa. Lakini alikuwa amenisahihisha mara mbili mbele ya watu, na mimi nikisahihishwa mara mbili nanyamaza. Hilo tu ndilo kosa langu, na silihesabu.

Nikamsimulia Jairos jioni ile. Aliacha kula. "Mama Kabamba," akaniuliza (Kabamba ni binti yetu mkubwa), "mutu mwenye miguu anasafiri na kiti kwa nini?"

"Labda anaipenda."

Kesho yake asubuhi nilimkuta anapaka lami kwenye boti yake, na mlango ameusugua kwa mchanga mpaka ukawa mweupe.

Siku hiyo hiyo Kafula alifika kwetu. Alitaka jukwaa la kumpokea mwenyekiti, lililoinuka, ili hata walio nyuma waone. Na fundi wa kulijenga alikuwa mmoja tu.

"Ngazi ngapi?" Jairos akauliza.

"Saba."

"Ba Kafula, huyu mugeni, miguu yake iko muzima?"

Kafula alimtazama kama aliyetukanwa yeye mwenyewe. "Mwenyekiti, Bwana Jairos! Unafikiri kila mtu ni kama wewe?" Halafu, akiwa anaondoka, akageuka. "Na Jumamosi boti yako iweke kule nyuma ya matete. Nawe pia ukae huko huko. Si kwa ubaya. Mgeni ametoka mbali, aone vitu vizuri kwanza."

Nilishika mwiko wa kusongea bwali. Jairos alinishika sketi. Alijenga jukwaa lile kwa siku nne, akizipiga misumari ngazi zikiwa zimelala chini, na watu wa bandari wakaja kulisimamisha. Ngazi saba, imara, za mbao nzuri. Hakuweza kupanda hata ya pili. Niliposema nitalichoma moto jukwaa lile usiku, aliniambia niache, mbao zile atazihitaji.

Jumamosi ilifika. Kwaya ya kanisa ilijipanga na vitenge vya aina moja. Kafula alivaa suruali yake ya Mbeya iliyochakaa. Majini ilisimama boti ya ofisi, yenye kuta ndefu, ambayo ukitaka kuipanda lazima uingie maji mpaka mapajani. Wageni wakubwa hawalowi, kwa hiyo hubebwa mgongoni, na wa kuwabeba alikuwa Chalwe, mtu mwenye mabega mapana kuliko wote wa bandari. Chalwe alikuwa ameoga tangu alfajiri kwa sabuni ya kipande kizima, akavaa singlendi nyeupe, na akakataa kukaa mahali popote asije akachafuka.

Chombo cha Kasenga kikafika. Watu wanne walishuka wamebeba kitu juu juu, wanayumba, mmoja akateleza, wote wakapiga kelele. Walipokitua mchangani tukaona. Kilikuwa kiti chenye magurudumu mawili makubwa kama ya baiskeli. Na ndani yake alikaa mama mwembamba wa makamo, mwenye miwani, ameng'ang'ania mikono ya kiti, amekasirika kabisa.

Kafula alipita pembeni yake akaenda kuchungulia ndani ya chombo.

"Mwenyekiti yuko wapi?"

"Mwenye kiti ni miye," yule mama akasema.

Kafula aligeuka. Akatazama magurudumu. Akatazama jukwaa. Akanitazama mimi. Nikasema kwa sauti ya kutosha wote wasikie, "Mwenye. Kiti. Nilikata muzuri."

Yule mama alikuwa Emilienne Ngalula, mwalimu wa Lubumbashi. Gari lilimwangusha njia ya Likasi miaka mitatu kabla, na tangu hapo miguu yake ililala kama ya Jairos. Alizaliwa Kasenga, lakini ziwa lenyewe hakuwahi kuliona, maana alipelekwa shule mjini akiwa mdogo, na ndani ya kile chombo walimweka chini kati ya magunia, asione kitu. Sasa alikuwa mtalii. Watu wetu walihangaika na hilo zaidi ya kiti, kwa sababu mtalii tuliyemjua sisi ni muzungu mwenye kofia.

Kafula, sitamnyima haki yake, alijikaza. Alisafisha koo. "Mheshimiwa Mwen... Mheshimiwa Mama. Karibu jukwaani."

Mama Emilienne alihesabu ngazi kwa kidole, moja mpaka saba. "Nani alitengeneza hii?"

Kafula akageuka kuitazama kwaya.

"Bon. Miye sikukuya kuona mbao. Nilikuya kuona ziwa. Boti iko wapi?"

Wakamwonyesha boti ya ofisi. Chalwe akasogea mbele, akageuza mgongo, akainama kwa heshima. Alinukia vizuri sana.

"Hapana," mama akasema.

"Mama, mimi nimeoga," Chalwe akasema.

"Naona, mutoto yangu, mersi. Lakini miaka tatu bananibebaka sawa jeneza. Ku otel, ku kanisa, ku treni. Leo hakuna mutu atanibeba. Kama hakuna njia, nitaonea ziwa hapa, halafu narudia."

Akakaza breki ya kiti. Maji yalikuwa hatua ishirini mbele yake, na mchanga laini katikati, ambao gurudumu lile lisingeupita. Alikuwa ametoka Lubumbashi kuja kusimama hatua ishirini. Niliona ameshika breki kwa mikono miwili, na hasira yangu kwa Kafula ikaniishia ghafla, nikabaki na aibu ya bandari nzima.

Ndipo nikapiga ukelele. Nilipiga ule wa kuita boti zilizopotea kwenye ukungu. "Bashi Kabamba! Leta mulango!"

Kumbe Jairos, ndiye huyo baba wa Kabamba, hakuwa mbali nyuma ya matete. Alikuwa kwenye ukingo wake, makasia mkononi, anasubiri tangu asubuhi. Alikuja moja kwa moja, akaisukuma pua bapa mpaka mchanga ukalia, akatoa vigingi, na mlango ukaanguka: pwaa. Halafu akateremka kwa mikono na viatu vyake vya kanisani vimeng'aa, akavuta mbao ndefu kutoka ndani ya boti, akazilaza mbili mbili, jozi mbele ya jozi, juu ya mchanga laini mpaka kwenye magurudumu ya mama.

Walitazamana. Yeye chini, mama juu ya kiti.

"Mukwai, mama," akasema Jairos. "Mulango iko wazi."

Mama Emilienne alifungua breki, akasukuma magurudumu kwa mikono yake mwenyewe, akapita juu ya mbao, juu ya mlango, akaingia. Kulikuwa na nafasi tayari, na vigingi viwili vya kuzuia magurudumu yasitembee. Vigingi vile havikuwepo wiki moja kabla.

"Boti hiyo haina karatasi!" Kafula alipiga kelele.

"Basi ingia na kalamu yako," mama akasema, "utaandikia njiani."

Mwenyeji hawezi kumwacha mgeni aende peke yake. Kafula akaingia, nami nikaingia kabla sijaalikwa. Jairos akainua mlango, akaukaza, tukaondoka.

Kitu ambacho Nchelenge nzima haikukijua ni kwamba Kafula, mzaliwa wa bonde la Mwansabombwe, mwenye kuandikisha boti za watu, alikuwa hajawahi kuvuka maji bila kufumba macho. Upepo haukuwa mkubwa. Mawimbi yalikuwa ya kawaida. Lakini tulipopita matete alikuwa amekaa sakafuni amekumbatia gurudumu la mama, na chakula chake cha asubuhi kinawafuata samaki.

Jairos alivuta makasia bila kugeuka. "Ba Kafula, mukwai," akasema taratibu, "boti ikizama, mutaokoa bantu namna gani?"

Mama Emilienne alicheka mpaka akavua miwani.

Tulifika kwenye ufuko wa ndege. Mchanga wa pale ni mgumu, unalowa na kukauka kila siku. Mlango ukaanguka, mama akajisukuma nje, na ndege wale wote weupe wakaruka juu yetu, sauti ya mabawa ikatuziba masikio. Aliendelea kwenda. Aliingia majini mpaka maji yakafika kwenye vyuma vya magurudumu na kupita juu ya miguu yake.

"Siyasikii," akasema. "Lakini naona inaninawisha." Akalia. Mimi nikalia naye. Jairos aliangalia upande wa Kongo kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta wingu. Kafula naye alikuwa analia, lakini yeye alilia kwa sababu ya safari ya kurudi.

Tuliporudi bandarini kwaya ilikuwa bado imesimama pale pale, saa tatu nzima, haijaimba hata ubeti. Mlango ukaanguka. Mama Emilienne akashuka juu ya mbao kwa magurudumu yake. Jairos akashuka kwa mikono yake. Kafula akajaribu kusimama, magoti yakakataa, akakaa tena.

Chalwe hakungoja kuambiwa. Aliingia majini na singlendi yake mpaka nyuma ya boti alikokaa Kafula, akamweka mgongoni, akamleta nchi kavu. Na kwaya, ambayo ilikuwa imeambiwa iimbe mgeni mkubwa akibebwa kutoka majini, ikaanza kuimba. Waliimba wimbo wote. Kafula alishushwa kwenye ngazi ya kwanza ya jukwaa, na mama mmoja wa kwaya akamvika shada la maua lililokuwa limeandaliwa kwa mwenyekiti.

Jukwaa lenyewe halikudumu. Wiki iliyofuata Jairos alilivunja kwa ruhusa, akazilaza mbao zake zote, na za zile ngazi saba, mchangani, kutoka barabarani mpaka majini, na tangu hapo kila mtu akapita juu yake: wachuuzi na mizigo, wajawazito, mabibi wa kanisa na viti vyao. Kafula pia, asichafue viatu.

Lakini karatasi ilitoka siku ile ile ya Jumamosi, jukwaa likiwa bado limesimama. Mama Emilienne ndiye aliyeidai.

"Kule Lubumbashi tuko wenye kiti tano," alimwambia Kafula, ambaye alikuwa bado na maua shingoni. "Bote banataka kuona ziwa. Nitabaambia bakuye na boti gani?"

Kafula aliletewa fomu na kalamu. Aliandika jina la Jairos Kapembwa. Akafika kwenye mstari wa viungo kamili. Alitazama miguu yake mwenyewe, iliyokuwa imelegea juu ya ngazi. Akachukua rula na kuukata mstari ule, mkato mmoja, mnyoofu.

"Jina la boti?" akauliza.

Jairos hakuwa amefikiria jina. "Mwenye kiti," nikasema mimi.

Kafula akaandika. Nikainama nikatazama. Kusoma kwangu ni kwa kubabaisha, lakini nilijua alichofanya.

"Kata," nikamwambia.

"Mama Clotilde, kwa Kiswahili sanifu..."

"Kata!"

Akafuta, akaandika upya kwa maneno mawili. Nikaweka kidole katikati, nikapima nafasi, nikaridhika.

Akamnyooshea Jairos karatasi. Mume wangu hakuipokea mara moja. Alikaa vizuri mchangani, akafungua kamba za mkono wa kulia, akavua kiatu, akafungua za mkono wa kushoto, akavua na hicho, akaviweka pamoja kando yake. Akapangusa viganja kwenye shati. Ndipo akaipokea kwa mikono miwili mitupu, asiichafue.

Kwa miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumwona akivua viatu mbele ya watu. Kafula alidhani ni kwa heshima yake, akaitikia kwa kichwa. Nilimwacha adhani hivyo.